Uzi wa Leofrun

Leofrun, mjane aliyetengeneza mishumaa, alikuwa na mdomo ambao hata Wanormani walioiteka Uingereza hawakuweza kuufunga. Gontier, abati mpya wa monasteri, kutoka ng'ambo, alipoamuru mifupa ya Mtakatifu Eadwen iondolewe madhabahuni, Leofrun alimkabili mbele ya watu.

"Baba Abati, amekukosea nini?"

"Sijawahi kumsikia huyo mtakatifu wenu."

"Naye hajawahi kukusikia wewe, na bado hajakufukuza!"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Eadwen akapelekwa ghalani, kati ya shayiri na majani makavu, akingoja kupimwa kwa moto: mifupa ikiungua, basi si mtakatifu. Siku hiyo Leofrun alilia. Utotoni alipougua, mama yake alimpima kwa uzi kuanzia utosini hadi kisiginoni, uzi ukawa utambi wa mshumaa, mshumaa ukawashwa mbele ya Eadwen, naye akapona. Leo mponyaji wake achomwe kama kuni!

Kabla ya siku ya moto, homa ikamwangusha abati. Dawa zote zikagonga mwamba. Leofrun akaingia na uzi wake.

"Lala unyooke, Baba."

"Unanipimia jeneza?"

"Bado. Nakupimia mshumaa. Ila lazima uwake mbele ya Eadwen, nawe umemtia ghalani. Nikiwasha huko, mwaka huu tutakula majivu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Abati akafumba macho. "Mrudisheni. Mpaka mshumaa uishe, basi. Kisha motoni."

Gontier alikuwa mrefu, mtoto wa watu. Leofrun akaunenepesha mshumaa kwa nta mpaka ukawa mnene kama mkono wake, akauviringisha kama kamba madhabahuni. Abati akapona kabla haujafika hata nusu. Kila akipita alinung'unika, "Bado tu?"

"Ulizaliwa mrefu, Baba. Mlaumu mama yako."

Hatimaye kikabaki kipande cha urefu wa kidole. Leofrun akaketi chini ya madhabahu, roho mkononi, akiwasubiri watakaoichukua mifupa motoni. Akaja abati, peke yake. Akatoa uzi ndani ya joho.

"Huu ni urefu wa mpishi wangu," alisema bila kumtazama. "Ameamka na homa. Ni mfupi, kwa hiyo wake unenepeshe zaidi."