Pont ya Mbele

Juzi, njiani kwenda Kinsevere, nilimsikia fundi aliyelala chini ya lori akisema, "Pont ya mbele njo ilikufa." Nikawa mtoto tena, nimeketi mlangoni mwa nyumba yetu Lubumbashi, lupango yote, ua mzima, inanuka grisi.

Mama alikuwa amekwenda kwao Mitwaba, na baba hakusema atarudi lini. Tangu aende, jikoni hapakusikika mwiko ukigonga sufuria ya bukari, ugali wetu. Mchana ule baba alitega sikio huku jirani yetu fundi akikata usukani mpaka mwisho na kusogeza lori la baba polepole. Gurudumu la mbele likalia tak, tak, tak.

"Ni pont," fundi akasema. "Na hii, Mitwaba hautafika."

Shuleni tulifundishwa kwamba pont ni daraja. Sikujua kwamba mafundi huita hivyo ekseli. Nilifurahi karibu kulia: kumbe mama hakutukimbia, daraja ndilo lililovunjika!

Wakainua lori kwa jeki, wakavua gurudumu, wakatoa kiungo kilicholika, wakatia kingine na kukishindilia grisi. Fundi alipokata usukani tena, kimya.

"Pont ilipona," akacheka.

Nikanawa uso, nikavaa gauni la Jumapili, nikakaa getini.

"Uko unangojea nani?" baba akauliza.

"Mama. Pont si ilipona?"

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Ile ingine bado, mwanangu."

Nikamwambia amwite fundi arudi.