Kusita na Kubabaika Si Kitu Kimoja

Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo nimekuwa na daftari la kuandikia maneno ya Kiswahili niliyokuwa siyajui, maana nyumbani kwetu, upande wa Shinyanga, tulisema Kisukuma tu. Kamusi sikuwa nayo. Nikisikia neno niliandika jinsi mtu alivyolitumia, basi. Kwa hiyo huenda mengine nimeyakosea. Ukurasa mmoja una maneno ya mtu ambaye moyo wake haujatulia, asiyeamua hili wala lile. Karibu yote niliyapata katika wiki moja, kwa ajili ya mguu wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi huko Geita, katika mgodi wa dhahabu wa Wazungu. Jiwe lilimwangukia mguuni. Nilipopata habari nilikwenda, nikamkuta amelazwa hospitali, mguu umevimba na vidole vimekuwa vyeusi. Dresa aliyekuwa akimfunga kidonda, mtu wa pwani, mpole, aliniita nje. Akaniambia daktari anataka kuukata mguu chini ya goti kesho asubuhi, sumu isije ikapanda juu. Mdogo wangu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, lakini alipoulizwa alijibu, "Mwulizeni kaka."

Nikaingia kwake. Nikamwambia, "Sema wewe. Mguu ni wako."

"Mguu wangu, ng'ombe za baba," akasema. "Nani atatoa mahari kwa ajili ya mtu wa mguu mmoja? Sema wewe, kaka."

Nikatoka. Nikarudi. Nikatoka tena. Kitanda cha pili alilala Mzinza mmoja aliyevunjika mkono, alikuwa akinifuata kwa macho kila nikipita.

"Ngosha," akasema, kama wanavyotuita sisi Wasukuma, "ingekuwa ng'ombe wa kuchinja ungekwisha kumchagua. Keti basi, unatutia kizunguzungu."

Wagonjwa wakacheka, na mdogo wangu akacheka nao. Wakati ule nilimchukia yule Mzinza. Sasa naona sikumtendea haki, kwa kuwa ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa mdogo wangu.

Nilimwambia dresa, "Unisamehe, nimebabaika."

Akatikisa kichwa. "Hujababaika, bwana. Anayebabaika ni yule aliyeulizwa jambo asilolijua, maneno yakamtoka ovyo. Wewe jibu unalo. Unasitasita tu."

Nikaliandika siku ileile. Sijui kama watu wote wa pwani hutofautisha hivyo, au ni yeye peke yake. Lakini kuhusu mimi alisema kweli. Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka wakate.

Ila kwetu mtu haukatishi mwili wa mtoto wa mwenzake bila baba kusema, na baba hasemi kabla kuku hajapasuliwa. Mfumu, mganga wetu, humpasua kuku akasoma yaliyo ndani, na kuku yule sharti kwanza alishwe mate ya mwenye shida. Basi nilivunja kijiti, mdogo wangu akakitafuna na kukilowesha, nikakifunga katika jani. Dresa aliona yote. Hakunicheka wala hakunikemea. Alisema, "Nenda, lakini ule mguu haukungoji." Wengine nyumbani wamemlaumu kwamba angenizuia. Mimi simlaumu. Angenizuia kwa lipi?

Nilisafiri siku moja na nusu, lori mahali pengine, miguu mahali pengine. Juu ya magunia ya pamba mama mmoja aliniuliza, "Mbona roho juu, baba?" Nikamwambia ni vumbi. Hilo nalo nimeliandika. Roho juu ni ya mtu ambaye mwili umekaa lakini yeye mwenyewe hajakaa.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa, na nataka hilo lijulikane, maana watu husema wazee wa zamani walikuwa wabishi. Aliuliza kwa Kisukuma, nami natafsiri niwezavyo, "Wasiwasi huu ni wako au ni wake?" Nikasema ni wetu sote wawili. Asubuhi yake mfumu alimpasua kuku, akamtazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema njia ni nyeupe, wakate.

Baba akaniambia, "Nenda ukawaambie. Na mdogo wako mwambie ng'ombe zake zipo palepale."

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Saa sita lori lilipita. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara, kifurushi mapajani. Dereva akasimama akauliza, "Unapanda?" Nikamjibu, "Namngoja mtu." Hapakuwa na mtu niliyemngoja. Nilikuwa na ruhusa ya baba, nilikuwa na neno la mfumu, na bado nilikaa pale mpaka vumbi likatua. Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Labda niliogopa kuwa ndicho kinywa kitakachosema kata. Labda nilitumaini kwamba nikichelewa kidogo watakuwa wamekwisha kuamua bila mimi. Sina hakika, nami sitaki kujitafutia sababu nzuri kuliko ilivyokuwa.

Jioni nilirudi nyumbani nikasema lori halikupita, nikaondoka kesho yake. Nilipofika hospitali weusi ulikuwa umevuka goti. Daktari aliukata mguu juu, pajani, mchana uleule. Ujumbe wa ng'ombe nilimpa, sijui kama aliusikia. Siku ya pili alikufa.

Nilimwuliza dresa kama siku moja ingetosha kumwokoa. Akafikiri. "Huenda," akasema. "Huenda hata ile asubuhi ya kwanza tulikuwa tumechelewa. Nikikuambia najua, nitakudanganya." Naiweka hapa kama alivyoisema, pande zote mbili.

Matangani ndugu walianza kunong'ona kwamba nilikawia. Baba akawanyamazisha. Akasema, "Kijana huyu msimguse. Siku ile lori halikupita, na kuku nilimtaka mimi. Kama kuna aliyesita, ni mimi." Watu wakaitikia, wakainamisha vichwa. Akanitazama, kana kwamba ananipa nafasi niongeze neno.

Nilifungua kinywa. Nikaomba maji. Baba akanyanyuka mwenyewe, akaenda mtungini kunichotea.