Sasa Hivi Anataka Kuitwa Baba

Siku hizi nikipita mtaani nasikia watu wakimsifu mdogo wangu, fundi magodoro. Eti ni mtu wa Mungu. Eti macho yake yanaona mbali. Juzi mwanamke mmoja, mwenye akili zake timamu, kaniambia nina bahati kuchangia tumbo na mtu kama yule. Nilimtazama juu mpaka chini nikaenda zangu, maana ningefungua mdomo pale tusingeamkiana tena. Mkitaka kumsifu, msifuni. Lakini msifuni mtu aliyekuwepo, siyo mliyemshona wenyewe.

Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo nisikilizeni mimi. Alikuwa mtoto mwenye maneno matamu, na kazi hapendi kuimaliza. Mjomba wetu akamfundisha kurudia magodoro ya pamba: unalifumua lile lililolala, unaichambua pamba, unaipiga fimbo mpaka inaumuka, unaianika juani, kisha unairudisha ndani na kushona upya. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Ila mteja akija kuulizia, jibu lilikuwa moja tu: "Sasa hivi." Mtu analala sakafuni, mgongo unamuuma, jibu ni sasa hivi. Mtaa ukamwita Sasa Hivi, jina lake la kweli likasahaulika.

Mara moja alichanganya pamba za magodoro mawili, la dereva wa lori na la bibi mjane. Yule bibi alikuja juu kweli kweli. Pamba yake ndiyo aliyoilalia marehemu mume wake, anataka ile ile. Mdogo wangu akacheka. "Bibi, pamba ni pamba." Bibi akakaa juu ya ule mlima wa pamba kama kuku anayeatamia, akasema hatoki. Sasa Hivi akatoka yeye, akaenda kunywa chai. Mimi ndiye niliyekaa na yule bibi mpaka jua likazama, tukichambua kwa mikono, wala hatujui tunachambua nini kutoka kwa nini. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Pakichafuka, yeye hayupo.

Akaoa, akapata binti. Wifi yangu alikuwa mtu mpole, mapafu yake mabovu. Asubuhi moja mdogo wangu akasema anakwenda kununua uzi. Uzi! Mtoto kamshika suruali, analia, yeye akamtoa kidole kimoja kimoja, akaondoka. Hakurudi siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Wifi akafa uso ukiwa umeelekea mlangoni. Mtoto nikamchukua. Nilifua nguo za watu mpaka kucha zikalainika, nikampeleka shule, nikamtoa chawa, nikakesha naye alipopata surua. Amekua, anafundisha watoto wa chekechea, na akaja kijana fundi bomba kumposa. Kijana mzuri, ana adabu, viatu vyake anavua nje bila kuambiwa.

Ndipo bwana mkubwa akatokea.

Nilikuwa naanua nguo. Nikamwona mtu amesimama ukingoni mwa uwanja, kanzu nyeupe yenye viraka, tasbihi shingoni, ndevu zimeingia mvi. Nilimjua kwa mabega. Sikumuuliza hali. Nilimuuliza, "Uzi umeupata?"

Akatabasamu. "Dada, aliyekwenda kununua uzi hayupo tena."

"Kafa?"

"Kila kitu kinakufa, dada. Kila pumzi."

Basi akaketi kwenye ngazi yangu akaanza kunisomesha. Alikuwa ameishi miaka mingi kwenye zawia, nyumba ya masufi, mbali, akishona magodoro ya wageni na kukaa kwenye halaka, duara la darasa la sheikh mmoja. Huko alifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba ulimwengu mara moja akauacha. Anauumba kila pumzi. Unatoweka, anaurudisha, unatoweka, anaurudisha, upesi kiasi kwamba jicho halioni pengo. Akafungua bomba langu la uani kidogo tu. "Tazama. Unaona kama fimbo ya kioo imesimama, siyo? Lakini hakuna fimbo. Ni maji mapya, na mapya, na mapya. Jana haipo, dada. Kesho haipo. Kuna hii sasa tu, na hiyo ni yake Yeye."

"Funga bomba langu," nikamwambia. "Hayo maji mapya nayanunua."

Sasa mnisikilize vizuri. Maneno yenyewe sikuyakataa. Ni maneno mazuri, na walioyasema mwanzo walikuwa watu wa kukesha kwa ibada, siyo wa kukimbia wake zao. Mimi mwenyewe nikisujudu alfajiri, kabla jogoo hawajaamka, nimewahi kuhisi kwamba pumzi niliyoivuta sikuwa na haki nayo, nimepewa ile dakika. Kilichonichoma ni mtu kuchukua siri ya Mungu akaifanya pazia la kujificha. Nikamuuliza, "Wali niliokupa ukaukomba, umeula wewe au yule aliyetoweka? Maana shibe naiona iko hapa hapa." Akacheka tu, lile cheko lake la pamba ni pamba.

Na watu wakampenda! Alikaa kwenye kibaraza changu, juu ya mkeka wangu, wanaume wakamzunguka, akawaambia habari za pumzi na sasa, wakatikisa vichwa. Imamu wa mtaa ndiye aliyefurahi kupita wote. Kabla ya hapo alikuwa anahangaika nani atakuwa walii wa bibi harusi, yaani wa kumwozesha, maana upande wa baba hakuna mwanamume aliyebaki. "Alhamdulillahi, mama," akaniambia, "baba mwenyewe karudi. Mambo yamenyooka."

Yamenyooka kwa nani? Binti yetu aliacha kula. Nilimkuta chumbani anakunja nguo zile zile alizokwisha kuzikunja.

"Shangazi," akasema, "hajaniambia hata neno moja juu ya kuondoka. Ananiita mwanangu kama aliyetoka dukani."

"Nimfukuze?"

"Hapana. Nataka aniozeshe yeye. Tangu nina meno ya utoto nataka. Lakini akikaa pale kama mtu ambaye hajaniacha, basi mimi na mama tulilia bure."

Hapo nikajua la kufanya.

Siku iliyotangulia harusi, baada ya swala ya alasiri, imamu alikuja kumfundisha mdogo wangu maneno ya kuozesha. Walikaa sebuleni. Binti alikuwa nyuma ya pazia la chumba, namwona vidole vya miguu. Imamu akasema, "Utamshika mkono bwana harusi, utasema: nimekuozesha binti yangu. Hebu sema."

"Nimekuozesha binti yangu," akasema Sasa Hivi, sauti tamu kama asali.

Nikaingia na sinia la chai, nikaliweka chini kwa kishindo. "Binti wa nani?"

"Mama, tafadhali," akasema imamu.

"Hapana, sheikh wangu, naomba nielimishwe. Huyu bwana kaniambia mimi kwamba aliyeondoka hapa hayupo, kwamba yeye kaumbwa upya. Haya, nimekubali. Lakini aliyeondoka ndiye aliyemzaa huyu mtoto. Kama yule hayupo, baba hayupo. Huyu aliyekaa hapa ni mgeni aliyeumbwa sasa hivi, hana mke, hana mtoto. Anamwozesha binti wa watu kwa haki gani?"

Mdogo wangu akacheka kidogo. "Dada, wewe unashika maneno kwa nje..."

"Nashika kwa nje, ndiyo! Kwa nje ndiko niliko. Kwa nje ndiko alikokuwa mkeo anakohoa. Chagua moja. Ama wewe ni yule, uchukue binti yake na uchukue na kilio chake. Ama siyo yule, kunywa chai, shukuru, nenda. Huwezi kuchagua nyama ukaacha mifupa."

Cheko likamtoka usoni. Akatazama mikono yake, ile mikono mizuri. Tasbihi ilikuwa inazunguka, ikasimama. Nilingoja aniletee maji ya bomba tena. Nilikuwa tayari, wallahi, kumtoa kwa ukosi wa kanzu mbele ya imamu.

Alipoanza kusema alikuwa hanisemeshi mimi. Aligeukia pazia.

"Sheikh wangu aliniambia nirudi nyumbani," akasema. "Nilimwambia hakuna haja, mtu yule kafa. Akaniambia: kila pumzi Mungu anakuumba upya, na kila pumzi anakuumba wewe wewe, yule aliyeondoka. Amekuumba hivyo mara zisizohesabika tangu siku ile, na wewe kila mara unatazama pembeni. Hilo sikuwaambia watu hapa kibarazani. Ni mimi. Ulinishika suruali, nikakutoa vidole. Uzi nilikuwa nao ndani, kabatini. Niliogopa kumwona mama yako akifa, nikakimbia. Ni mimi, mwanangu. Hata sasa ni mimi."

Pazia likafunguka. Binti alikuwa amelowa uso mzima. Hakumkumbatia, msinitungie. Alisimama, akasema, "Kesho baada ya swala ya asubuhi tunakwenda kaburini kwa mama, mimi na wewe, umwambie na yeye. Ukitoka huko ndiyo uje uniozeshe."

Walikwenda. Nilibaki nyumbani kupanga viti. Akarudi na vumbi kwenye magoti ya kanzu, akamshika mkono fundi bomba, na alipofika kwenye neno "binti yangu" sauti ilimkatika, imamu akamwambia arudie ili watu wote wasikie. Akarudia.

Jioni, wageni walipopungua, akaja nilipokuwa naosha sufuria. "Dada, na wewe umenisamehe?"

"Bado."

"Lini?"

"Si umesema kesho haipo? Niulize pumzi nyingine."

Akakunja mikono ya kanzu, akachukua sufuria kubwa lililoungua chini, akaanza kulisugua. Akaniuliza tena. Nikamwambia bado, na asugue vizuri, pembeni pale hapajatakata.