Ushuhuda Nilioutoa Kuhusu Macho Yangu

Nilivaa miwani tangu darasa la nne, na miaka yote hiyo mama hakutaka mtu aguse macho yangu zaidi ya kuyapima. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kupima maji ya ziwa moja baada ya jingine, nchi baada ya nchi, miaka miwili ya kulala kwenye mahema na kushinda kwenye mitumbwi, sikumwambia kwamba nimeamua kufanyiwa upasuaji wa leza. Miwani ilikwisha kuniangukia majini mara mbili kwetu Uvira, bandarini Kalundu. Sikutaka kubaki napapasa katikati ya ziwa la watu wengine. Nilimwambia nakwenda Nairobi kufuata viza. Viza niliifuata kweli. Habari za macho nilizinyamazia.

Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, daktari akiniambia nitazame taa na nisihangaike. Kesho yake nilisoma kibao cha duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, nikacheka peke yangu njiani kama mwehu. Walinipa matone ya kulainisha macho, niyatie mara nne kwa siku kwa miezi mitatu.

Nilifika Uvira Jumamosi. Mama alinitazama usoni pasipo miwani, akaweka chini sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Malineti yako iko wapi?"

"Siihitaji tena, mama. Naona."

Ilibaki sentensi moja tu ya kuongeza. Lakini alikuwa amekwisha kuinua mikono, machozi yanamtoka, anamshukuru Mungu, kwa sababu kundi lao la maombi lilifunga siku tatu kwa ajili ya safari yangu. Nilijiambia kwamba nimemwonea huruma. Uongo mtupu. Niliogopa kugombezwa, mtu mzima na ndevu zangu.

Kanisani kwetu ukipata jambo jema huruhusiwi kukaa nalo nyumbani. Unaitwa mbele, unapewa mikrofoni, unatoa ushuhuda. Kesho yake nikaitwa. Nilisema niliondoka na miwani na nimerudi bila miwani, na mpaka hapo sikuwa nimedanganya. Ndipo mchungaji akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Ulipitia kwa munganga?" Kwetu munganga ni daktari wa hospitali.

"Hapana," nikasema.

Ngoma zikalia. Wanawake wakaja mbele wakicheza, mama yangu akitangulia. Niliporudi nyumbani nilijifungia bafuni ili nitie matone yangu. Niliona aibu hata kujitazama kiooni, dawa ikanimwagikia shavuni.

Wiki tatu baadaye, siku chache kabla ya kuondoka, nilishuka ufukweni kumuaga mama aliyeongoza kwaya yetu, yule aliyenifundisha kuimba nikiwa mdogo. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kinachopotea hakirudi. Dawa yake ya matone tuliijua sote, maana alikuwa akisimamisha mazoezi ya kwaya ili aitie. Nilimkuta akigeuza ndagala zake, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani. Alirudi nyuma hatua mbili akakanyaga za jirani, na hakujua mpaka jirani alipopiga kelele.

"Mama, dawa ungali unatia?" nikamuuliza.

"Niliacha. Tangu siku ya ushuhuda yako. Weye ulitumia dawa?"

Nikamwambia yote palepale, haraka haraka, nikitazama miguu yangu: Nairobi, leza, matone, bafuni. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Leo nitarudilia dawa," alisema. "Lakini minye sitasema kitu kwa watu. Uliisema na mudomo yako mbele ya kanisa, utaiondoa na mudomo yako mbele ya kanisa. Siku ya Mungu ungali hapa."

Nilimwahidi. Nakumbuka hata nilimshika mkono.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya kunisindikiza. Waliniita mbele, wakaniwekea mikono, wakaniombea usalama barabarani na majini. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Kisha mikrofoni ikawa mkononi mwangu. Nilimwona yule mama kwenye safu ya kwaya, uso ameugeuza kidogo upande ili anipate vizuri, akisubiri. Macho yangu mapya yalimwona wazi kabisa. Nikasema asanteni sana, endeleeni kuniombea, nikarudisha mikrofoni. Jumanne nilivuka mpaka wa nchi pale Kavimvira.

Sasa ninaishi kando ya ziwa jingine, na kazi inaenda vizuri. Jana mama alinitumia ujumbe wa sauti. Alianza na habari za mvua na za barabara iliyokatika, kisha akaniambia kwamba yule mama wa kwaya amerudia matone yake, na watu wamechoka na imani yake ndogo. Wamemtoa katika kundi la maombi.

"Tunamwambia aangalie mufano yako," mama alisema. "Yeye ananyamaza tu."

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikabonyeza simu, nikajibu, "Umusalimie sana, mama."