Alama ya Mlangoni na Mafuta ya Korosho

Mume wangu alirudi kutoka njia ya Malolo akiendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameubana kichwani, na damu ilikuwa imemshuka mpaka kiunoni. Kioo cha upande wake hakikuwepo tena. Nilimfunga kwa kipande cha kanga, nikamuuliza nani, akasema hawajui, ni watu wa kando ya barabara, na hawakumpiga yeye, waliipiga ile alama.

Alama yenyewe ilikuwa karatasi ngumu iliyobandikwa kwenye milango yote miwili, duara kubwa kama sinia, na maandishi ambayo mimi sikuweza kuyasoma. Nilisoma chuo cha Kurani tu. Gari lilikuwa la kazi ya karanga ya wazungu pale Nachingwea. Kazi ilipokwisha magari yakauzwa, na mume wangu na kaka yake wakanunua moja, pikapu ya kijani, wakalileta kwetu Lionja. Watu wa Malolo walikuwa wamesikia jinsi matrekta yalivyong'oa pori huku kwetu. Walipoiona alama wakadhani wazungu wamekuja kupima mashamba yao. Wakaokota mawe.

Na kurudi Malolo ilikuwa lazima. Baba yangu anakaa mwisho wa Malolo, magunia yake ya ufuta yalikuwa yakimngoja mkwewe, na mume wangu alikuwa ameshatoa ahadi ya Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Akienda na alama ile, safari hii wangemuua.

Shemeji yangu, huyo kaka mtu, alisema karatasi ni kazi ndogo. Akachukua kopo langu la mafuta ya maganda ya korosho. Sisi wanawake tukikaanga korosho kwenye debe lililotobolewa, maganda hutoa mafuta meusi, tunayakinga na kupaka nguzo za nyumba mchwa wasizile. Nilimwambia mafuta yale yanakula ngozi ya mtu, sembuse rangi. Akaniambia mwanamke hana habari ya magari. Akapaka mlango wa kushoto, akaliacha gari juani, akaenda zake kucheza bao.

Aliporudi alasiri akafuta kwa gunia. Karatasi ikatoka, na rangi ikatoka nayo. Likabaki duara la bati tupu linalong'aa, unaliona ukiwa mbali kuliko mwanzo. Shemeji aliliangalia kitambo, kisha akamwambia mume wangu kwamba ni mimi niliyeyaacha mafuta yakae mno. Akachukua mkanda mbovu wa injini akanichapa nao mgongoni mara tatu. Mume wangu alikuwa amekaa pale kwenye kinu na kichwa chake kilichofungwa, akitazama chini. Hilo nililiweka moyoni.

Alipoinua mara ya nne niliudaka mkono wake nikaung'ata mpaka nikaonja damu. Alinipiga ngumi ya sikio na sikumwachia. Aliyetuachanisha ni mama mkwe wangu. Alitoka jikoni na mchi, akampiga nao mwanawe begani, shemeji akapiga magoti, mtu mzima yule.

"Mguse tena," akamwambia, "nikutwange kama mahindi."

Kisha akanigeukia na mimi, akaniambia nifute mdomo, nimalize kazi ya gari, kwa sababu wanaume wa nyumba hii wameshaonyesha wanachokijua.

Kesho yake niliushika mlango wa kulia. Nilipasha mafuta ya ufuta, nikayapaka ya vuguvugu juu ya karatasi, nikaiacha ilainike, nikaanza kukwangua kwa kipande cha kifuu, maana kifuu hakichuni rangi. Ikatoka vipande vipande mpaka adhuhuri. Nikaosha kwa jivu. Rangi haikuguswa hata kidogo, na duara likawa palepale. Pale palipokuwa na karatasi kijani kilikuwa kibichi, kwingine kote kimepaushwa na jua la miaka. Mume wangu aliweka kiganja juu ya lile duara.

Nikamwambia liko jambo moja tu, tuunguze milango yote miwili kwa mafuta ya korosho, kitasa mpaka chini, pasibaki rangi ya kuonyesha duara.

"Utaniharibia gari," akasema.

"Sema unachotaka, mlango au kichwa."

Akaenda mwenyewe kuomba mafuta ya korosho kwa majirani, akarudi na makopo mawili.

Niliyapaka mimi, kwa gunia nililolifunga kwenye fimbo. Fimbo ilivunjika kwenye mlango wa pili na nikamalizia kwa mkono, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa inakwisha. Rangi ilivimba, ikapasuka, ikaanguka kama magamba. Viganja vyangu navyo vilivimba, vikapasuka. Shavu liliporukiwa na tone nilisikia kama nimebandikwa kaa la moto. Sikulia, maana shemeji alikuwa kibarazani ananitazama.

Jumamosi mume wangu aliondoka na gari lenye milango ya bati tupu, bovu la kuangalia. Mimi nilikaa na mikono ndani ya bakuli la maji, mama mkwe ananilisha ugali kwa tonge. Gari lilisikika jua likiwa bado juu. Lilikuwa limeshiba magunia mpaka springi zimelala.

Alinieleza akishusha. Pale pale alipopigwa palikuwa na watu walewale, na hakuna aliyeinua mkono. Gunia moja lilikuwa limeteleza, akasimama kulifunga, na kijana mmoja akaja kumsaidia kuvuta kamba. Mume wangu alimtambua vizuri, ndiye aliyempiga jiwe la kichwa. Kijana akamuuliza kichwani umefanyaje, mzee.

"Ukamwambiaje?"

"Nimeanguka mkoroshoni."

Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti chake muda wote ule. Nilimwambia kwamba mimi ningemjibu kijana yule kwa hiyo spana. Akasema anajua, ndiyo sababu hakunichukua.