Namba Mbili, Manowari Moja

Mimi na shemeji yangu tulianza kuchonga manowari ndogo kwa sababu ya foleni. Malori yalikuwa yakikwama Tunduma siku kadhaa, na mimi, wakala wa forodha, nikisubiri nyaraka nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa dada yangu. Mumewe ni seremala. Tulitumia vipande vya miti mikongwe ya kahawa kutoka mashamba ya Ihanda, maana mti huo ni mgumu na haupasuki ovyo. Mizinga ilikuwa pini zilizokatwa, na kamba za mlingoti zilikuwa nyuzi za rasta za dada yangu.

Kipimo chetu kilikuwa sentimita moja kwa mita saba, hivyo manowari nzima ililala kiganjani. Tulichagua meli pacha mbili za vita vya zamani, zilizojengwa kwa ramani moja. Raha ya kazi hiyo iko kwenye tofauti: pacha mmoja ana bomba la moshi refu, mwingine amezibwa madirisha. Kila mmoja alichukua picha yake mtandaoni. Meli yangu ilikuwa na namba yake ubavuni, ya shemeji ilikuwa na namba nyingine.

Tulizimaliza mwaka jana kabla ya mvua. Kisha shemeji akapata kiharusi. Maneno yalirudi taratibu, lakini mkono wa kulia ulibaki umelegea, na karakana hakuifungua tena. Dada yangu alinipigia simu: "Njoo umsemeshe. Mimi ananijibu kwa kichwa tu."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimegundua kosa katika zile picha zetu. Karibu na omo, yaani mbele ya meli, dirisha la nne na la tano yalikuwa yamebanana kuliko mengine, na chini yake palikuwa na kiraka cha chuma. Picha zote mbili zilikuwa hivyo. Nikasoma zaidi: manowari ile ilibadilishiwa namba katikati ya vita, na bomba lake likafupishwa. Tulikuwa tumechonga meli moja mara mbili. Pacha wake hatukuwa tumemgusa.

Nilisita. Mtu asiyeweza kushika kisu, nimwambie kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa na kasoro? Lakini sikuwa na habari nyingine ya kumpelekea. Nilimwekea picha zote mbili mapajani pamoja na lenzi, nikagusa kile kiraka kwa kidole.

Alitazama muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mulamu," alisema polepole, kama wanavyoitana mashemeji kwao, "kazi yako nini?"

"Forodha."

"Lori likiuzwa huku, likabadilishwa namba, wewe unalijuaje?"

"Natazama namba ya chesisi."

"Hutazami kilichoandikwa ubavuni?"

"Sitazami."

"Basi akili yako yote imeishia kwenye malori!"

Dada yangu akadakia kutoka jikoni: "Na wewe je, ulitazama chesisi?"

"Mimi seremala, mama. Naletewa picha, nachonga."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Nikamwonyesha picha ya pacha wa kweli: bomba lenye kofia bapa, na jukwaa la taa nyuma yake. Ilibidi moja ya meli zetu ibadilishwe.

"Ivunjwe ya kwako," alisema. "Ya kwangu siwezi kuirudia. Ilete kesho."

Kesho yake nilikuta karakana iko wazi. Niliibana meli yangu kwenye jiliwa, naye akashika kisu kwa mkono wa kushoto. Kuliondoa bomba tu kulichukua asubuhi nzima. Alikwaruza sitaha mara mbili. Nilitia mikono mifukoni ili nisimsaidie, na haikuwa rahisi.

Bomba jipya lilikaa baada ya majaribio matatu. Kwangu lilitosha, nikamwambia hivyo. Akalitazama kwa lenzi, akaitazama picha, kisha akaling'oa.

"Limelala upande. Nipe kipande kingine."

Dada yangu akatuita chakula.

"Nenda ukale," akaniambia bila kuinua macho.