Kima Niliyekataa Kumwandika Marehemu

Nilianza kazi katika kambi ya utafiti, kaskazini mwa msitu wa Kakamega, Jumatatu tarehe tatu Juni, miezi mitano baada ya kupata matokeo ya kidato cha nne. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mjane wa miaka sita. Niliajiriwa kwa majaribio: kufuata kundi moja la kima, kumtambua kila mmoja kwa sura na kujaza fomu.

Tangu tarehe kumi Juni, jike mwenye mkia uliopinda hakuonekana. Tarehe nane Julai mtafiti mkuu, binti wa rika la kifungua mimba wangu, aliniagiza nimwandike amekufa. Alinieleza kwamba dume huhama, lakini jike hubaki katika kundi alimozaliwa. Akikosekana wiki nne, hayupo tena.

Nilikataa. Kwetu mtu haliliwi kabla mwili haujaonekana. Hata daktari aliponiambia habari za mume wangu, niliomba kwanza nimwone.

"Mama, hii ni sayansi, si matanga," akasema mtafiti.

Mwenzangu kazini, mtu wa ukoo wa marehemu mume wangu, akadakia: "Shemeji, huyo ameolewa huko Kabras. Saa hii anatafuna miwa."

Tulicheka, ila mtafiti hakucheka. Alinipa wiki moja: nijaze fomu alivyoagiza au nirudishe daftari na kwenda nyumbani.

Jumapili tarehe kumi na nne, baada ya misa, nilikwenda ukingo wa msitu nilikookota kuni kwa miaka mingi, penye mipera iliyojiotea. Saa nane na dakika kumi nilimwona, mkia ule ule, mtoto mchanga kifuani. Alikuwa na majike wanne ambao siku hizo walionekana kundini leo, kesho wakakosekana.

Kesho yake nilimpeleka mtafiti. Alishika darubini, akawahesabu mmoja mmoja.

"Kundi limegawanyika, Mama," akasema. "Tumekuwa tukifuata nusu."

Mwenzangu alinong'ona kwamba kumbe bibi harusi wa Kabras alikuwa amehamia boma jipya. Safari hii mtafiti alicheka. Alitoa fomu mpya, akaandika juu yake "Kundi la Pili", kisha akanikabidhi kalamu.

Mstari wa kwanza ni mwandiko wangu: Jumatatu, tarehe kumi na tano Julai, mama na mtoto, wazima.